Garanti ni miezi tatu: maneno kwa vijana wapangaji wa Goma

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa komini ya Karisimbi, Goma, Novemba 2023)

Najua siku ya posho kila mtu iko anatafuta. Kuko wamotari wenye wameacha moto kwenye mlango, kuko dada zetu wenye wameachia jirani meza ya soko. Tutasema mbio-mbio, lakini tutasema yote.

Leo tunasema nyumba. Tayari nasikia swali: "Batu banakufa kule Masisi na Rutshuru, ninyi munaongea mambo ya kupanga?" Ndiyo, tunaongea. Mama mwenye alikimbia Kitshanga au Kibumba, akifika hapa Goma, anauliza kwanza: nitalala wapi na hawa watoto? Kama iko na ndugu, wanalala kumi katika chumba kimoja. Kama iko na feza kidogo, anatafuta chumba cha kupanga, na hapo anakutana na neno garanti. Mara mingi ni hiyo garanti inamrudisha chini ya shitingi, Kanyaruchinya au Bulengo. Kwa hiyo vita na nyumba si mambo mawili.

Na sisi wenye tulizaliwa hapa, tuko salama? Angalia pembeni yako. Ni wangapi kati yetu wako na miaka 28, 30, wako na diplome, wanafanya kazi, lakini bado wanalala kwa wazazi ku salon, wanakunja matela asubuhi mbele ya wageni kufika? Ni wangapi waliahirisha ndoa, si sababu ya mahari, lakini sababu hawana fasi ya kumpeleka bibi?

Sababu gani Goma ni ghali

Watu wanasema nyumba ni ghali Goma kama vile wanasema mvua inanyesha, kama ni kazi ya Mungu. Apana. Iko sababu, na sababu zinajulikana.

Ya kwanza ni fasi yenyewe. Kusini tuko na ziwa. Mashariki tuko na mpaka wa Rwanda. Kaskazini tuko na Nyiragongo. Mji unabaki na mlango mmoja wa kupanuka, ni magharibi, njia ya Sake. Na ule udongo kidogo tulio nao, moto wa volkano umeupunguza. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji na kuacha watu wengi bila nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama karibu na Buhene, ikala nyumba za ndugu zetu wa Nyiragongo. Kila mara, wenye walipoteza nyumba wanakuja kutafuta chumba katika vyumba vile vile vyenye vilikuwa havitoshi.

Ya pili ni dola. Mwezi wa 7 mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia hapa kwa mamia ya maelfu katika siku chache. Nyuma yao yalikuja mashirika, na nyuma ya mashirika ikaja MONUSCO. Sisemi walikuja kwa ubaya. Nasema walikuja na dola, na nyumba za kando ya ziwa zikaanza kupangishwa kwa maelfu ya dola kwa mwezi. Mwenye alikuwa anapanga Himbi akasukumwa Katindo. Wa Katindo akasukumwa Majengo. Wa Majengo akaenda Ndosho, wa Ndosho akaenda Mugunga. Bei ya villa moja kule Himbi inafika mpaka kwenye chumba chako cha mbao, hata kama hujawahi kuingia katika hiyo villa.

Na wale wa mwisho wanafika wapi? Wanafika kwenye fasi za mazuku, kule upande wa Keshero na Lac Vert, fasi yenye gazi ya chini ya udongo inatoka na kulala katika mashimo. Gazi hiyo haina rangi, huwezi kuiona. Mtoto anainama kuokota mpira, hasimami tena. Watu wanajua hatari, lakini wanakaa pale, sababu ndiyo bei yenye wanaweza.

Ya tatu: kazi tunalipwa kwa franga, nyumba tunalipa kwa dola. Mwanzo wa mwaka huu dola moja ilikuwa karibu na franga 2.000. Leo imepita 2.500. Chukua chumba cha dola 50. Mwezi wa kwanza ulilipa franga 100.000. Leo unalipa zaidi ya 125.000. Mwenye nyumba hakuongeza hata dola moja, atakuapia hata kanisani, na atakuwa anasema kweli. Lakini kwako wewe mwenye kuuza mandazi kwa franga, nyumba imepanda.

Chumba chetu

Mnakijua hicho chumba, basi nitakisema kwa wenye hawakijui.

Ni nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, mabati juu. Katikati kuko rido: huku wazazi, huku watoto na mjomba mwenye alikuja kwa wiki mbili na sasa ni mwaka. Vyombo viko chini ya kitanda, bidoni za maji ziko nyuma ya mlango. Mvua ikinyesha, mbabula inaingia ndani, na moshi wa makala unalala pamoja nasi. Choo ni kimoja kwa familia nne, tano. Ukuta ni ubao mmoja: ukikohoa, jirani anakuambia pole. Na moto ukishika nyumba moja usiku, unakula mstari mzima mbele watu hawajapata njia ya kutoka.

Mwanafunzi anasomea wapi pale? Binti anavalia wapi? Bwana na bibi wanaongea wapi mambo yao? Tusifanye mzaha na hii. Mtu mwenye hana fasi ya kufikiria peke yake hata dakika kumi, hata ushujaa wake unachoka.

Na kwa dada zetu iko na ubaya mwingine. Binti mwenye hajaolewa akitafuta chumba, anaulizwa: "Bwana yako iko wapi? Ni nani atalipa?" Wengine wanamkatalia wazi. Wengine wanamkubalia, kiisha wanakuja kudai kingine kuliko feza. Na kuko swali lingine baya lenye tunalisikia ku milango: "Wewe ni kabila gani?" Nyumba haina kabila. Mwenye anauliza hivyo analeta vita ndani ya parseli yake mwenyewe.

Garanti ndiyo inatufunga

Sasa nifike kwenye neno lenye lilinileta hapa.

Tunasema sana juu ya bei ya mwezi. Lakini mimi naona kitu chenye kinatufunga zaidi ni garanti. Tufanye hesabu pamoja, ni mfano tu.

Kijana na bibi yake, wote wawili wanafanya kazi, wanaweza kutoa dola 50 kila mwezi bila kulala njaa. Nyumba ya dola 50 iko: vyumba viwili vidogo, choo chao. Lakini mwenye nyumba anataka garanti ya miezi 10. Hiyo ni dola 500 mara moja. Komisioneri naye anataka mwezi mmoja, dola 50. Na mwezi wa kwanza wa kuingia, dola 50 tena. Jumla dola 600, mbele hawajanunua hata ndoo.

Dola 600 wataitoa wapi? Hawana. Basi wanabaki katika chumba cha dola 20 chenye garanti wanaiweza. Unaona? Mwezi kwa mwezi wanaweza kuishi vizuri zaidi. Wanabaki katika kachumba sababu ya ile feza ya mlangoni. Watu wengi wa mji huu wanaishi padogo kuliko uwezo wao, sababu hiyo moja.

Na wenye wanaikopa? Wanaikopa kwa jirani, kwa likelemba, kwa wale wa faida ya kila mwezi. Wanaingia katika nyumba mpya na deni. Mwenye nyumba akikataa kutengeneza bati lenye linavuja, hawawezi kusema kitu, wala hawawezi kuhama. Kuhama ni kutafuta garanti ingine mbele ile ya kwanza haijarudi. Ndiyo maana mpangaji wa Goma anavumilia mambo yote, mwenye nyumba iko na feza yake mkononi.

Tuite kitu kwa jina lake. Garanti ya miezi 10 ni mkopo. Ni mkopo wenye maskini anamkopesha mwenye parseli, bila faida, bila karatasi, bila siku ya kurudisha. Na siku ya kutoka tunajua ginsi inaendaka: "Feza nilishatumia, kula garanti yako." Unakaa miezi 10 bila kulipa, unatoka mikono mitupu, unaenda kutafuta garanti mpya. Hivyo deni halimaliziki.

Sheria inasema nini

Hapa nawaomba mufungue masikio.

Kuko sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, sheria ya kupangisha nyumba. Inasema: kwa nyumba ya kulala, garanti haiwezi kupita miezi tatu. Si kumi, si sita. Miezi tatu. Na siku ya kutoka, hiyo garanti inarudi kwa mpangaji, kama hana deni wala hajaharibu.

Rudi kwenye hesabu yetu. Kwa dola 50, miezi tatu ni dola 150. Kati ya 150 na 500 kuko dola 350. Hizo dola 350 ni meza ya kuanzia biashara, ni minerval ya watoto, ni kumpeleka mama hospitali bila kuuza simu.

Miaka 8 sheria iko. Sababu gani haitembei? Nawapa sababu tatu.

Moja, hatuijui. Komisioneri hawezi kukuambia, kazi yake inakula kwa kutojua kwako. Na Leta haikuja kukuambia, hata kwenye redio.

Mbili, hatuna karatasi. Tunatoa dola 500 mkono kwa mkono, ku giza, shahidi ni mtoto wa nyumba. Siku ya matata, unaenda mbele ya muamuzi na nini? Na mdomo. Mdomo wa mwenye parseli unabeba kuliko wako.

Tatu, tuko mmoja mmoja. Ukikataa miezi 10, nyuma yako kuko wengine watano wenye watakubali. Mwenye nyumba anajua. Tukiendelea kushindana sisi kwa sisi mbele ya mlango wake, sheria haitatusaidia hata kidogo.

Wenye nyumba si adui

Sitaki mtoke hapa na hasira ya bure. Katika huu mji, mwenye nyumba mara mingi si tajiri. Ni mama mjane mwenye bwana alimuachia vyumba tatu, ndivyo vinalisha watoto. Ni mwalimu wa zamani mwenye pensio haimfikii. Nao wanaumia: kodi ya Leta, simenti, mbao, mpangaji mwenye alikimbia usiku na deni ya miezi sita. Kuko wapangaji wabaya, tusidanganyane.

Lakini tumuambie huyo mama kwa heshima: Mama, kontra ya maandishi inakulinda na wewe pia. Mpangaji mwenye aliandika jina lake, mwenye anajua garanti yake itarudi, hawezi kukimbia usiku. Mwenye anajua garanti alishaipoteza, ndiye atakula miezi yake na kukuachia milango imevunjika. Miezi tatu yenye inarudi inaleta amani kuliko miezi kumi yenye inapotea.

Na kama Leta inataka mama huyo asidai miezi 10, basi imusaidie, impe njia ya mkopo ya kutengeneza nyumba. Leo anatafuta mkopo kwa mpangaji sababu hakuna banki yenye inamufungulia mlango.

Tunafanya nini

Hatuombi mutupe mawe wala kuvunja mlango wa mtu. Sisi njia yetu ni bila fujo. Haya mambo matano kila mtu anaweza kuyaanza kesho.

Moja: kontra. Hata karatasi moja ya kaye. Majina ya wote wawili, avenyu, namba ya parseli, bei, miezi ya garanti, tarehe, sinyatire, mashahidi wawili. Pigeni karatasi picha na simu, kila mmoja abaki na yake.

Mbili: resi kila mwezi. Hata kama mwenye nyumba ni rafiki ya baba yako. Akisema "hauniamini?", jibu: "Nakuamini, Papa, lakini kifo na vita vinatupita katikati, watoto wetu watajua namna gani?"

Tatu: ukidaiwa zaidi ya miezi tatu, sema sheria mbele ya kusema umaskini. Usiseme "nihurumie". Sema "sheria ya 2015 inasema miezi tatu". Kuomba huruma kunamuacha yeye kuwa mkubwa. Sheria inawaweka sawa.

Ine: msiende peke yenu. Kila avenyu ichague vijana wawili wa kusindikiza mpangaji mwenye anafukuzwa bila haki. Waende kwa mwenye nyumba kwanza, kwa upole. Kiisha kwa chefu wa avenyu na wa kartiye. Kiisha kwenye service ya habitat ku komini. Ikishindikana, tribinali ya amani iko kwa ajili ya hayo. Nyumba nyingi zinatengenezwa pale kwa chefu, mbele ya kufika mbali, kama mpangaji hakuenda peke yake.

Tano: tuandike. Kila mmoja atuambie, bila kutaja majina ya watu: kartiye gani, chumba cha namna gani, bei ngapi, garanti miezi ngapi. Leta haina hiyo hesabu. Tukiwa nayo sisi, hakuna mtu atatuambia tunasema uongo.

Kwa wenye wanaomba kura zetu

Tarehe 20 Desemba kuko uchaguzi. Picha zao ziko ku kila nguzo. Mara hii kuko hata washauri wa komini wa kuchagua, kitu chenye kizazi chetu hakijawahi kuona. Hatuwaambii mumuchague nani. Tunawaambia muulize.

Katiba yetu ya 2006, ku artikle ya 48, inaahidi kila mtu makao yenye kustahili, maji safi na umeme. Muulize mgombea mwenye anakupa kitenge: hiyo artikle umeisoma? Utafanya nini ili ile sheria ya miezi tatu ifuatwe hapa Karisimbi? Ni nyumba ngapi Leta ilijenga Goma kwa mtu wa mshahara mdogo? Akianza kuongea muda mrefu bila namba, umeshapata jibu.

Wenye walifika Bukavu wanajua Bagira. Mu miaka ya 1950 wakoloni walikuwa na ofisi yenye waliita OCA, iliundwa 1952, ikajenga makartiye ya wafanyakazi katika miji mikubwa ya Kongo. Hawakujenga kwa upendo. Walitaka Mwafrika alale mbali na mitaa yao na afike ku kazi asubuhi. Lakini walijua kitu kimoja: mji hauwezi kusimama kama wafanyakazi hawana fasi ya kulala. Sasa ni miaka 63 ya uhuru. Ni aibu gani kama Leta yetu wenyewe haiwezi kutufikiria sisi hata kiasi kile mkoloni alimfikiria mfanyakazi wake?

Tunajua watajibu: mji uko chini ya état de siège tangu Mei 2021, feza yote inaenda ku vita. Basi tuwaambie: kufuatisha sheria ya miezi tatu hakuombi hata franga moja. Kunaomba mer aandike barua, chefu wa kartiye aisome ku mikutano, na service ya habitat ifungue mlango wake bila kuomba "ya kahawa". Waanze na ile yenye haina bei. Ya simenti tutaiongea kiisha.

Ndugu na dada, wengi wetu tutalala usiku huu nyuma ya rido. Kesho yake mmoja wetu ataenda kutafuta chumba, na komisioneri atamwambia "miezi kumi, Mukubwa, ndiyo bei ya Goma". Ninaomba kitu kimoja: huyo mmoja asinyamaze. Aseme miezi tatu. Mlango wa pili aseme miezi tatu. Na mwenye anakuja nyuma yake aseme vile vile, na mwenye anafuata vile vile, mpaka wenye nyumba wachoke kusikia ingine.

Sasa mikono juu, tuanze na maswali, na wenye wako na kontra mfukoni wazilete hapa mbele tuzisome pamoja.